Milioni Moja na Tatu Haigawanyiki

Adija binti Atumani alipewa sifuri kwa jibu sahihi. Ilikuwa mwaka 2002, katika mtihani wa walimu wa kujitolea waliotaka kuajiriwa, na sifuri hiyo ndiyo iliyomnyima kazi aliyokwisha kuifanya miaka saba bila mshahara, katika darasa la mtaa wa Kinama ambalo wenye vyeti walilikimbia kwa sababu ya vita.

Swali lilisema: 1 000 003 ni namba tasa? Thibitisha. Adija hakubahatisha. Kila risasi zilipolia, alikuwa akiwalaza wanafunzi sakafuni, anawatajia namba moja kubwa, na kila mmoja anapewa kigawanyo chake. Anayepata baki anainua kidole, kimya. Kwa mazoea hayo alizishika kichwani namba tasa zote mia moja sitini na nane zilizo chini ya elfu. Siku ya mtihani aligawa kwa zote, mpaka 997, mkono ukamfa ganzi. Kila mara ikabaki baki. Kupita hapo hakukuwa na haja, maana namba mbili zinazozidi elfu zikizidishwa huipita milioni moja na tatu.

Alimfuata msahihishaji mkuu, Bwana Melchior, ofisini kwake.

“Mama Adija, mwongozo wa majibu unasema 101 mara 9901. We unabishana na mwongozo?”

“Zidisha, Bwana Melchior. Kalamu unayo.”

Akazidisha. Ikatoka 1 000 001. Akazidisha tena, polepole.

“Basi ni mashine ya stensili iliyochapa mtihani,” akasema. “Imepiga tatu pahali pa moja. Kosa kidogo tu.”

“Kidogo? Hiyo tatu ilikuwa kwa makaratasi ya watu wote. Waliopita waliandika nini?”

Melchior akafunika rundo la karatasi kwa kiganja, lakini Adija alikuwa ameshaona ile ya juu: 101 × 9901, bila hata mstari mmoja wa hesabu.

“Na zingine?”

“Kumi na moja wote,” akanung’unika.

“Kumi na moja wamejibu swali wasiloulizwa! Waliliota?”

“Mama, rudi nyumbani. Vita haijaisha, apana kutafuta ingine.”

“Mi sikuleta vita. Nimeleta hesabu.”

Alitolewa nje. Kesho yake alikuwa darasani Kinama, chaki mkononi, bila mshahara. Na wale kumi na moja wameajiriwa.

Ninyi mliotunga mtihani ule, sikilizeni. Milioni moja na tatu ukiigawa kwa 101 unabaki na mbili. Aliyekaa akagawa hawezi kuandika jibu lile. Lilitoka katika kabati lenu mlimoufungia mwongozo, kabla ya mtihani. Basi mrudishieni Adija alama zake na mpeni kazi yake, kisha mtutajie kwa jina aliyelifungua kabati. Kama mnakataa, leteni namba inayoigawa. Twawangojea.