Mkalimani Aliyekataa Kupeleka "Jua Kali"

Mkalimani wa kambi ya reli, yule mwenye kanzu iliyofifia na kikohozi cha tumbaku, amefariki. Habari ilitufikia hapa Dodoma kwa wapagazi waliotoka kambini: alishikwa na homa, akalala, hakuamka. Wasomaji wangu wa huku bara mtamkumbuka, kwani ni wachache mno aliowaacha wapite bila kuwagombeza. Mungu amrehemu. Nimehuzunika, lakini kusema kweli nina hasira zaidi ya huzuni, na leo mtanivumilia.

Ugomvi wake na sisi ulikuwa juu ya maneno mawili tu: jua kali. Tangu mvua zikatike hadi zirudi, watu wa huku wakikutana njiani huamkiana, huulizana habari za nyumbani na za mifugo, kisha mmoja husema "Jua kali leo", mwenzake hujibu "Kali kweli", basi, kila mtu na njia yake. Tunayasema hata asubuhi za kipupwe, tumejifunika shuka hadi masikioni. Yeye hakukubali. Siku moja barazani kwa muuza nguo, mzee mmoja alipokea shikamoo yake vizuri, akaongeza, "Jua kali, mwanangu." Jamaa akamwuliza, "Kali namna gani, mzee wangu? Limefanya nini?" Mzee akashangaa. "Kali tu." "Mbwa ni mkali, pilipili kali, na mke wa jirani yangu mkali. Sasa mimi nikimbie, ninywe maji, au niombe radhi?" Sisi tulicheka. Mzee hakucheka, akaondoka amenuna, nami nikasema moyoni kwamba huyu hana adabu.

Nilipokwenda kumtembelea kambini ndipo nilipomwelewa. Kule hakuna kivuli ila migunga isiyo na majani, na watu walikuwa wakibeba vyuma vya reli saa sita mchana, jua likiwa utosini. Walitaka Mzungu msimamizi wa reli, aliyekaa chini ya turubai lake, awape mapumziko saa hizo. Mnyapara wao, mtu wa maneno mengi, alimjia mkalimani mbele yangu. "Mwambie bwana mkubwa jua kali."

"Hilo sipeleki."

"Kwa nini?"

"Mmemwambia hivyo tangu alipofika, hata siku ya mawingu. Anadhani ndiyo salamu yenu."

"Bwana mkubwa ana macho. Mgonjwa haulizwi uji."

"Huulizwa, ikiwa mpishi amekaa chini ya turubai."

Walimtukana kwa Kigogo na Kinyamwezi, naye akawangoja wamalize. Kisha akaanza kuwauliza mmoja mmoja: jua limekufanya nini wewe? Wa kwanza akafungua viganja. Ngozi ilikuwa imebaki kwenye chuma. Wa pili akasema maji ya kibuyu chake hayanyweki, yanaunguza ulimi. Wa tatu akaeleza habari za ndugu yake aliyeacha kutoka jasho, akaanza kumwita mama yake aliyekwisha kufa, akaanguka na mzigo begani. Mkalimani akamshika mkono yule wa viganja, wakaenda turubaini, akayasema yote matatu bila kuongeza chumvi. Mzungu aliitazama ile mikono, akakunja uso. Kuanzia siku hiyo chuma hakikuinuliwa saa sita, ila baada ya alasiri. Nani alimshukuru? Hakuna. Mnyapara aliwatangazia watu kwamba yeye ndiye aliyemlainisha bwana.

Sasa kambini wamepata mkalimani mwingine, kijana wa pwani mwenye sauti nzuri. Mzungu anataka njia iende mbio, kwa hiyo ameyafuta yale mapumziko. Watu wakalalamika, na kijana akakimbia kupeleka maneno yao kama walivyoyasema: jua kali. Bwana mkubwa akajibu kwamba hata yeye analisikia. Kazi ikaendelea. Simlaumu Mzungu peke yake, maana wa kwetu ndio wanaonichosha. Tumezoea kulia kwa pamoja kwa maneno laini: njaa mbaya, kodi nzito, jua kali, mwingine hujibu ndiyo, na sote tunarudi nyumbani tukijiona tumesema. Hatukusema kitu. Anayesikia "kali" husikia lile analolijua yeye, na aliye chini ya turubai anajua la chini ya turubai. Ukitaka kumsemea mwenzio, usipeleke kilio chake, peleka kiganja chake. Marehemu alilijua hilo, tukamwita mkorofi, akazikwa, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kazi yake. Ninaandika haya saa sita mchana, ndani ya nyumba yangu ya tembe yenye ubaridi, nao kule kambini wamebeba chuma.