Chango la Kila Mwezi

Nilivunja ungo nikiwa na miaka kumi na mitatu, na chango, yale maumivu ya tumbo ya hedhi, likaja siku hiyo hiyo. Somo wangu, mama mtu mzima aliyepewa kazi ya kunifunda, alinionyesha namna ya kufunga kitambaa na pa kukianika wanaume wasikione. Kuhusu maumivu alisema, "Ukizaa yatakwisha." Nilikuwa darasa la tano na sikuwa na mchumba.

Msimu mmoja wa karafuu tulikuwa ukumbini tunachambua, chango likanishika, nikatapika juu ya jamvi. Bibi aliokoa karafuu kwanza, kisha mimi. Alinikanda kwa kitambaa cha moto, nikapata nafuu kidogo.

Baba alipouliza nina nini, aliambiwa, "Tumbo." Baba alikuwa mtu wa vitendo. Alikwenda dukani akarudi na haluli, dawa ya kuharisha, akasimama mlangoni mpaka nikaimaliza. Siku ile nilishinda na maradhi mawili, ya kwangu na ya baba.

Mwezi uliofuata mama alinipeleka hospitali, Chake Chake. Mkunga aliniuliza maumivu huanza lini, hukaa siku ngapi, na kama huwa natapika. Sikuwahi kuulizwa. Kisha akasema, "Mji wa mimba unajikaza ili utoe damu. Ndiyo maumivu yenyewe. Hujalogwa."

Akanipa vidonge vya asprini. Nile kwanza, nimeze mara tu yanapoanza, nisingoje mpaka nijikunje. Tumbo nilikande kwa moto. Damu ikizidi, au vidonge visiposaidia, nirudi.

 Tulipoinuka mama akasema, "Nami nipe."

"Nawe, bibi?" mkunga akamuuliza.

"Nimezaa watano. Hayajakwisha."

Nilimtazama. Miaka yote nilidhani siku zile anazolala kifudifudi ana usingizi.

Tulipofika nyumbani baba aliuliza, "Wamesemaje?"

"Ni hedhi," mama akamjibu. "Na mimi pia yananiuma."

Baba akasema alhamdulillahi, akatoka kwenda kugeuza karafuu zilizoanikwa. Zilikuwa zimeshageuzwa. Akazigeuza tena.

Maumivu hayakuisha, yalipungua. Badala ya siku mbili za kulala nikawa nalala asubuhi moja, na siku ya pili nakwenda skuli. Mama naye akaacha kusingizia usingizi. "Leo mimi," huniambia, akapanda kitandani na kitambaa chake cha moto, nami nikaenda jikoni kupika.