Mpangaji na Udongo wa Shamba Kongwe

Mpangaji wangu hapa mtaani Kisugu ni mwanamke wa udongo, mtafiti. Anaufuata kwenye mashamba ya misonobari, ya miti michanga na ya zamani, anarudi nao katika vifuko, na kabla ya kugusa kifuko anajipaka spiriti hadi viwikoni. Mikono imempauka kama ya dobi. Salamu anaitikia kwa kichwa tu, na mimi si mtu wa kunyimwa mkono. "Bakteria wa mikononi wataingia kwenye vifuko, Hajati," husema. Nilimuuliza hao wa shambani wana nini. Sauti ikashuka, kama anayeeleza habari za mgonjwa: "Miti ikiwa michanga wanajaa walafi. Msitu ukizeeka wanabaki wanaokula kidogo na kuvumilia." Nikamwambia basi hao wa uzeeni ni wenzangu. Hakucheka.

Siku ya Idi Kubwa umeme ulikatika. Akaja mlangoni na kifuko kimoja kifuani, udongo wa shamba kongwe kuliko yote, ambalo miti yake imeshakatwa, hawezi kuupata mwingine; ukipata joto, utafiti wake umeharibika. Friza yangu bado ilikuwa na barafu, ila imejaa nyama. Nikaitoa yote.

"Mama, nyama itoke kwa ajili ya matope?" binti yangu Kaltumi akauliza.

"Itoke. Tutaipika yote."

Mpangaji akaipangusa friza kwa spiriti, akaweka kifuko, akafunga. Uani watu wakajaa kula nyama, nikamwita naye.

"Siwezi, Hajati. Mtu atafungua friza."

Nikampelekea sahani. Akala amesimama, mkono wa kushoto ukibana kifuniko, mgongo kwa watu.