Mbuzi wa Mama na honi ya Land Rover

Hebu mniambie, mbuzi anaweza kuitikia honi ambayo hajawahi kusikia?

Leo nilitaka kuifungia Land Rover ya marehemu Baba honi mpya, hapa nyumbani Kanamkemer.

Nikasema wacha niipige ile ya zamani mara ya mwisho.

Mbuzi wa Mama wakaja mbio, wakazunguka gari!

"Baba yako alikuwa anawaletea maji na hii gari," Mama akasema nyuma yangu.

Lakini Mama, si wengi wamezaliwa gari ikiwa imelala juu ya mawe?

"Wanafuata mama zao."

Nikageuka nicheke, ndio nikaona ameshika kikombe cha Baba, kile alichokuwa akimpokea nacho akisikia honi, chai ikitoa moshi.

Honi mpya iko hapa. Nani anaitaka?