Tulivyomfuata Levi Kibondo

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Titye na C ya Kiingereza. Mjini C ni C tu. Kwa kikundi cha akina mama wa maharage, ambacho mama yangu alikuwa mwanachama, ile C ilinifanya kuwa ofisi. Barua ya hospitali, maandishi ya kwenye dawa ya kunyunyizia mimea, ujumbe wowote wenye herufi wasizozielewa, vyote vililetwa kwangu. Mwenyekiti wao, mama mmoja mjane mwenye sauti nene, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alianza kuniita mwalimu. Sikumkatalia.

Msimu huo kikundi kilipata mnunuzi mpya. Alikuwa mtu wa nje ya nchi mwenye ghala Nyakanazi, na Kiswahili chake kiliishia kwenye asante. Siku moja kabla ya kusafirisha mzigo alituma ujumbe kwenye simu ya mwenyekiti. Nikaitwa. Akina mama wakanizunguka huku wakiendelea kupepeta.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Neno la kwanza lilikuwa Levy, lenye herufi kubwa. Halafu collected, ambalo nililijua vizuri, ni kuchukuliwa. Halafu geti la Kibondo.

"Anasema Levi atachukuliwa kwenye geti la Kibondo," nikatangaza.

"Levi ni nani?" mwenyekiti akauliza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Lakini macho yote yalikuwa kwangu. "Ni wakala wake," nikasema. "Atatusindikiza mpaka ghalani."

Basi kazi ikaongezeka. Mwenyekiti alisema mgeni hapakiwi juu ya magunia kama mbuzi, atakaa mbele. Alfajiri akamkaangia samaki, migebuka ya ziwani, akachemsha ndizi, akafunga vyote kwenye hotpoti yake ya harusi. Kenta, lori dogo tulilokodi kwa mfanyabiashara wa Kasulu, lilikuwa na nafasi tatu mbele: ya dereva, ya mwenyekiti, na ya Levi. Nafasi ya Levi ilitandikwa kitenge kipya. Mimi nikapanda juu ya magunia na sweta langu jembamba, na kuanzia Kasulu baridi ya milimani ilinipiga mpaka masikio yakafa ganzi. Sikulalamika. Nilijiona mtu wa maana.

Tulifika geti la Kibondo jua limeshapanda. Mhudumu alikuwa dada aliyenizidi miaka michache tu, ana mashine ya risiti mkononi na miwani kichwani. Mwenyekiti akashuka, akajifunga khanga vizuri, akamsalimu kwa Kiha, lugha ya kwetu.

"Mwakeye, mwanangu. Tumekuja kumchukua Levi."

Yule dada akamtazama. "Mlevi? Mama, walevi hatuwaweki hapa. Nendeni polisi."

"Si mlevi. Levi! Mtu wa mnunuzi wetu. Tumemwekea na kiti."

Dereva akachungulia dirishani kuunga mkono. "Kweli, dada, kiti kipo."

Nikaruka kutoka juu ya magunia na kumpa yule dada simu ili asome mwenyewe. Alisoma. Akakaza midomo, akageuka upande wa pili, nikaona mabega yanamtikisika. Alipotugeukia tena macho yalikuwa na machozi.

"Nani aliwasomea?"

"Mimi," nikasema.

Namshukuru mpaka leo kwamba hakucheka tena. Alinivuta kando kwenye meza yake. "Levy si mtu, mdogo wangu. Ni tozo. Huu ushuru wa mazao tunaokusanya hapa, kwa Kiingereza cha maofisini wanauita hivyo. Na collected hapa maana yake ni kukusanywa. Anawaambia kwamba hapa kuna ushuru."

Mwenyekiti alikuwa amesogea, amesikia yote. "Yaani nimeamka alfajiri kuukaangia ushuru migebuka?"

Dereva alicheka mpaka akaegemea tairi. Mwenyekiti naye akaanza, kicheko chake kile kinene, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Lakini lori lilikuwa bado limesimama, na lisingepita kabla ushuru haujalipwa. Yule dada akachukua karatasi, akanionyesha kwamba neno lile linaweza pia kuwa kitenzi, yaani kutoza. "Likiwa kitenzi, tafuta neno on liko wapi," akasema. "Anayetajwa baada ya on ndiye mwenye mzigo wa kulipa. Mnunuzi wenu hakumtaja mtu. Sheria ndogo ya hapa inasema anatozwa mnunuzi, si mkulima. Mwandikie."

"Nimwandikie mimi?"

"Hapa kuna mwingine?"

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena: *The levy is levied on the buyer*, yaani ushuru anatozwa mnunuzi. Yule dada akasoma, akasema neno limejirudia lakini kosa halipo, niitume. Nikaambatanisha namba ya malipo aliyoitoa kwenye mashine yake.

Tukasubiri. Kwa kuwa Levi hakuwepo, hotpoti ikafunguliwa pale pale mezani, na sote wanne tukala, yule dada akisifu migebuka. Tulikuwa tunanawa mikono simu ilipolia. Noted, iliandikwa, yaani ameelewa, na muda si mrefu mashine ya yule dada ikatoa risiti. Geti likainuliwa. Nilimwomba ile karatasi, akaikunja na kunipa.

Baada ya Kibondo niliambiwa nikae mbele. Nilikalia kitenge cha Levi, karatasi ya yule dada mapajani. Kilichoniuma hakikuwa kutolijua neno. Maneno nisiyoyajua yalikuwa mengi. Kiliniuma kwamba niliulizwa swali na mtu aliyeniamini, nikabuni mtu ambaye hayupo, na kazi nikampa. Mwishowe nikajikaza, nikamgeukia mwenyekiti.

"Mama, jana sikulijua lile neno. Wakala nilimtunga."

"Nilijua," akasema, macho barabarani.

"Ulijua?"

"Uso wako ulikuwa wa kubahatisha. Lakini huko tunakokwenda hatumjui hata mmoja. Nikapenda tu awepo mtu wa kutupokea." Akapangusa vumbi kwenye kioo kwa ncha ya khanga. "Safari nyingine ukiwa hulijui neno, sema. Tutamtafuta anayelijua, si wako wengi?"

Nikamwitikia. Nyakanazi tulimkuta mnunuzi kasimama mlangoni mwa ghala, kijana mwembamba aliyekuwa na wasiwasi kuliko sisi. Mwenyekiti akampa mkono, akamsalimu kwa Kiha tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi nikasimama katikati yao, nikianza kutafsiri kwa maneno niliyokuwa na hakika nayo.