Aliyelazwa Akiangalia Mashariki

Mie hanishangazi mtu, wala hakinishangazi kitu kilichomo ardhini. Nimechimba Maskati na viunga vyake zaidi ya miaka thelathini. Nimetoa mabomba, visima vilivyofukiwa, na mara moja gari zima na viti vyake. Nnayasema haya mwanzo ili nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii mjue anayezungumza nanyi hakuipata vitabuni. Skuli niliiacha darasa la sita, Unguja. Katapila nane nilizonazo hazikununuliwa na cheti.

Siku ya kwanza kazini, Wadi Kabir, nilipewa kitambaa na dumu la dizeli nioshe minyororo ya katapila. Fundi Mkuu wa gereji alinitazama mpaka adhuhuri, kisha akasema, "Umeosha unapopaona. Sasa osha usipopaona." Nikaosha. Mwaka wa pili nikakalia kiti cha dereva, na waliokuja kabla yangu wakabaki na vitambaa vyao.

Kutoka hapo nilipelekwa kwa Msimamizi wa Barabara. Huyu ndiye aliyenifunza kukwangua: unafunga ndoo bapa, isiyo meno, unaondoa udongo tabaka jembamba kama unavyomenya embe. "Rangi ikibadilika, zima mashine," akiniambia. "Udongo uliowahi kuchimbwa haurudi rangi yake. Hapo pana mtu alikutangulia."

Na likiwa kaburi la kale, sheria ni moja. Unazima, unazungusha kamba, unapiga simu ofisi ya mambo ya kale, Al Khuwair, na hugusi kitu mpaka waje. Nilijisifu kila baraza kwamba mie sijapata kugusa.

Basi tukapata kazi Qurayyat, msingi wa ghala la samaki. Aliyekuwa kwenye mashine ni Wafula, Mkenya wa Bungoma, Mkristo, dereva wangu bora kuliko wote. Akazima ghafla. Nikashuka kutazama: kaburi la mawe, na ubavuni mwake mifupa ya ngamia aliyepigishwa magoti, shingo imekunjwa nyuma. Nikapiga simu. Dokta wa mambo ya kale akasema atafika kesho asubuhi.

Wafula alipokuwa akirudisha mashine nyuma, ukingo ukamomonyoka, na mifupa ya mtu wa pili ikatokea. Huyu hakuwa na ngamia wala chungu. Kalala chali, kanyooka, kichwa magharibi, miguu mashariki. Wafula akatoa simu yake akampiga picha.

Mie nilimtazama nikaona mtu aliyezikwa ovyo. Hakuelekezwa kibla, na mbwa wa pale ni wengi. Nikavua kilemba, nikapiga bismillahi, nikashuka. Nikachimba kando yake, nikamhamisha mfupa kwa mfupa juu ya kilemba changu, nikamlaza kwa ubavu wa kulia, uso Makka, ambako kwetu huku ni magharibi.

"Arbabu," Wafula akasema kutoka juu, maana ndivyo tajiri wa kazi aitwavyo huku, "huyo hakuwa amelazwa vibaya."

"Umejuaje?"

"Kwetu tunawalaza hivyo. Siku akiamka, anaketi tu, anamwona Bwana akitokea mashariki."

"Wewe na kwenu. Nipe chepe."

Akanipa.

Asubuhi Dokta akaja, msichana wa kwetu, wazee wake wa Unguja. Kwenye ngamia alipiga magoti akacheka peke yake. "Ami, unajua huyu kazi yake? Waarabu wengi wa zamani walisema mtu akifa basi, mifupa imeoza, nani ataifufua. Lakini wako waliomfunga ngamia kaburini mpaka afe, ili siku ya kufufuliwa bwana wake asiende kwa miguu."

Akafika kwa yule wa pili, akaondoa udongo uliolegea, akidhani ni wa ukingo uliomomonyoka. Akatazama, akaandika. "Huyu kaelekezwa kibla. Umemkuta hivi, ami?"

"Hivihivi," nikasema. Wafula akaangalia viatu vyake.

Dokta akashusha pumzi. "Basi. Nilitaraji nimpate mmoja wa wale Wakristo wa mwanzo. Walikuwepo pwani hii kabla ya Uislamu. Wayunani waliwacheka: mwili ni gereza, roho ikishatoka, ya nini kuirudisha? Waajemi waliwaachia ndege nyama ya maiti, na bado wakaamini mifupa itakusanywa. Wale Wakristo walishikilia kwamba utainuka mwili huuhuu. Makaburi yao waliyaita mahali pa kulala. Walimlaza mtu chali, uso mashariki, kama msafiri anayetaka kuamshwa mapema." Akafunga daftari. "Ningepata hata mmoja tu."

Wakati wa chakula, kivulini mwa katapila, Wafula alikula akinipa mgongo.

"Sema," nikamwambia.

"Nikisema utanifukuza."

"Nisipokufukuza?"

"Basi nitasema. Huyo mtu amengoja siku yake akiangalia kule muda wote huo. Wewe umemgeuza kwa dakika arubaini. Na sasa hata kitabuni atakuwa mtu mwingine."

Nilijua nikikubali jina langu lishaharibika, maana hakuna mkandarasi anayegusa kaburi akabaki kusifiwa. Lakini mie sikuanza kazi kwa uongo, na sikuwa tayari kuimalizia kwa uongo. Nikanawa mikono, nikamfuata Dokta garini.

"Mwanangu, nimekudanganya. Yule wa pili sikumkuta vile."

Akaweka kalamu chini. "Nani kamgeuza?"

"Mie. Nilidhani nnamsitiri."

Akaishika tena kalamu. "Nia Mungu anaiona, ami. Ripoti nitaiandika kama ilivyokuwa."

"Iandike. Na jina langu usilikosee."

Wafula akamwonyesha ile picha. Dokta aliikuza kwa vidole, akaitazama tena na tena.

Mhandisi wa mradi hakuitazama picha. Mkataba, alinisomea, unasema kazi ikisimama kwa kosa la mchimbaji, mashine zinakaa kwa gharama ya mchimbaji, na ukuta ukisogezwa anausogeza yeye. "Utaweza?" akaniuliza.

"Unamuuliza nani?" nikamwambia.

Wiki tatu tulikaa. Dokta alipomaliza kupima, na ruhusa ilipopatikana, tulimrudisha palepale. Nilimlaza mwenyewe, chali, nikifuata picha kwenye simu ya Wafula, kichwa magharibi. Wafula akaomba kwa namna ya kwao, nami nikanyamaza kwa namna ya kwetu. Ukuta wa ghala ukasogezwa kumpisha.

Sasa funguo za katapila nimemkabidhi binti yangu, na Wafula ndiye msimamizi wake. Watu barazani hunitania: mzee aliyewaamsha Wakristo. Nnawaacha. Ripoti iko Al Khuwair, imeandikwa kwamba kaburi lilivurugwa na mkandarasi, na kwamba mkandarasi mwenyewe ndiye aliyesema. Jina halikukosewa.

Mimi nimeshawaambia wanangu wanilaze kwa ubavu wa kulia, na wahakikishe kibla kwa dira, si kwa kukisia. Kwa maana nimeona kwa macho yangu: yule wa ngamia, yule wa mashariki, na sisi wa kibla, kila mmoja alilazwa na mtu aliyeamini kwamba atainuka. Wewe mchimbaji ukimkuta, zima mashine, usimsaidie.

Mie kumsaidia kulinigharimu riali elfu nne mia sita na kumi na saba, na baisa mia tano.