Kompyuta Iliyofumiwa Gauni

Ti! Hivyo tu. Mlio mmoja mfupi, kama kijiko kilichogonga glasi, ulipenya dirisha la chumba cha uchapaji na kutukuta nje, tumechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta. Nyuma yake ukafuata mvumo wa kudumu, kama wa nyuki walio mbali. Sisi tuliokua Ifakara miaka ya tisini tuliisikia kompyuta kabla ya kuiona, na tuliisikia kwa muda mrefu, maana mlango wa chumba kile haukufunguliwa ovyo.

Mwenye kuufunga alikuwa mama yangu. Alifundisha wasichana uchapaji katika chumba cha parokia yetu, nacho kilipakana na mashine ya kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno, magunia yakishaanza kufika kutoka Mofu na Katindiuka, mashine ile ilinguruma tangu asubuhi, na pumba zilielea hewani zikatua kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kola za sare zetu. Neno la mama lililojulikana mtaa mzima lilikuwa, "Funga mlango, pumba hizo!" Watoto wa jirani walicheza kombolela wakiliigiza.

Nyumbani kwetu mtu mmoja tu hakulitii. Huyo alikuwa bibi, mama mzazi wa baba, aliyeteremka kutoka Mahenge kuja kuishi nasi macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Kwao, alisema, mlango hufungwa usiku au nyumba ikiwa na jambo. "Mchana kweupe nifunge mlango, watu waseme humu ndani kuna ugomvi?" Akiingia aliuacha wazi, akitoka aliuacha wazi. Mama aliinuka nyuma yake, kimya, akaenda kuufunga mwenyewe.

Kompyuta ya kwanza ilikuja kwa treni, imefungwa ndani ya blanketi. Ubongo wake ulipewa namba kiwandani, themanini themanini na nane, nasi tukamwita Themanini kama mtu. Alifika akiwa mzee tayari. Karibu kila kitu kwetu kilifika kikiwa kimetumika, baiskeli, makoti, mabuku ya hesabu, na yeye vivyo hivyo. Ulaya walimchoka, Dar wakamchoka, ndipo akapanda treni. Tumboni hakuwa na mahali pa kutunza chochote, kwa hiyo kila asubuhi mama alimlisha diski mbili laini, moja ya programu na nyingine ya kazi. Herufi zake zilikuwa za kijani kwenye giza. Akiambiwa atafute neno katika barua ndefu, wasichana walipata nafasi ya kusukana mistari miwili kabla hajajibu. Hakuna aliyelalamika. Tulidhani kufikiri ndivyo kulivyo.

Baadaye akaja wa mia mbili themanini na sita, tukamwita Mbili. Aliyemleta alikuwa Fundi Deo, kijana wa Dar mwenye suruali ya kupiga pasi na kalamu tatu mfukoni. Siku ile Themanini aliharibika moja kwa moja, na Fundi Deo akamfungua mbele yetu. Mimi na kaka yangu Baraka tulitarajia magurudumu, kama ndani ya saa. Tukaona kibao cha kijani, na juu yake kitu cheusi, kirefu, chenye miguu mingi midogo pande zote mbili.

"Jongoo!" Baraka akapiga kelele.

"Huyo jongoo ndiye anayefikiri," Fundi Deo akacheka. "Ndani yake kuna swichi ndogo ndogo, kama hii ya taa, maelfu. Zinawaka na kuzima. Huyu Mbili ubongo wake ni wa mraba, una swichi nyingi zaidi, kwa hiyo ana mbio zaidi."

Kesho yake tulifinyanga kompyuta yetu kwa udongo wa kandokando ya mfereji. Vibonye vilikuwa punje za mahindi, na tumboni Baraka aliweka jongoo mzima, akamwamuru ajumlishe saba na tisa. Jongoo alitoka kwa nyuma akaenda zake. Mama alitukuta, akauliza kama tumenawa, akatupa pepeta za mpunga mchanga tutafune. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu ya awali ya kompyuta, na sijaona bado shule ya kulipia iliyoipita.

Wa mia tatu themanini na sita hatukumwona. Alibaki kwa mhasibu huko mjini. Baraka aliuliza mara nyingi, "Tatu wetu atakuja lini?" kama anayemsubiri dada.

Aliyekuja ni wa mia nne themanini na sita, yaani Nne. Wenzake walilala mezani kama masanduku ya nguo, huyu alisimama. Kioo chake kilikuwa cha rangi, na alikuwa na kipanya ambacho wasichana walikishika kwa ncha za vidole kana kwamba kitauma. Jambo lililomchukua Themanini muda wa kusukana, Nne alilimaliza kabla hujaondoa kidole. Wasichana waliona haya kuwa wazito kuliko mashine.

Enzi hizo kitu cha thamani hakikuachwa uchi. Redio ilivaa kitambaa cha kufumwa, makochi yalivaa, hata jagi la maji lilikuwa na kofia yenye shanga. Vyote vya kwetu vilitoka mikononi mwa bibi. Themanini alivaa, Mbili akavaa, na hawakudhurika. Nne alipofika, bibi alimpima kwa uzi, akipapasa kona zake kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa hayamsaidii tena. Akafuma kwa sufu ya buluu na nyeupe, wiki nyingi, amekaa mlangoni. Halikuwa kitambaa. Lilikuwa gauni zima, limeshuka mpaka mezani pande zote, limeacha uso tu. Alipomaliza alisema, "Hii ndiyo kazi yangu kubwa ya mwisho. Macho yamegoma." Jumapili Padre aliitaja kazi ile kwenye matangazo, na kanisa zima likapiga makofi.

Ndipo Nne akaanza kuganda.

Asubuhi aliwaka vizuri. Kabla ya wakati wa uji, mshale ulisimama katikati ya kioo, vibonye havikujibu, na barua zote ambazo hazijahifadhiwa zikapotea. Mama alimzima, akamwasha, akaganda tena. Padre aliagiza apelekwe ofisini kwake ili Fundi Deo amwangalie. Mama alimvua gauni, akalikunja, akakabidhi mashine peke yake, kama unavyomkabidhi mtoto wa watu bila nguo za kuazima. Ofisini Nne alifanya kazi mpaka jioni bila kukwama.

"Mashine nzima, Padre," Fundi Deo akasema, si kwa ubaya. "Labda mtumiaji."

Neno hilo lilifika nyumbani kabla ya mama. Padre alikuwa mtu wa haki, akamwita akamweleza wazi. Wazazi kutoka hata kijiji cha Kisawasawa walikuwa wameleta mabinti zao kwa ajili ya mashine hii. Siku ya mtihani yeye mwenyewe angesimamia. Nne akiganda, muhula unaofuata darasa lingechukuliwa na Fundi Deo. Mama alirudi, akasonga ugali, akatupakulia. Yeye hakula. Baba alikuwa dereva wa trekta mbali na nyumbani na alikuja kwa nadra. Darasa lile ndilo lililomfanya mama aitwe Mwalimu sokoni badala ya mke wa fulani.

Sababu aliigundua mwenyewe, Jumamosi, siku ya kufua vitambaa. Gauni la Nne lilikuwa kwenye kamba, na Nne akafanya kazi kutwa. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Mama alisimama uani akilitazama gauni likichuruzika maji, akaelewa, na nikamwona anakaa chini kwenye ndoo.

Msomaji wa leo atauliza, si amwambie tu? Sisi wa wakati ule hatuulizi. Mkwe hakumwambia mama mkwe wake kwamba kazi ya mikono yake, tena ya mwisho, iliyopigiwa makofi kanisani, inaua mashine. Basi mama akatafuta njia.

"Mama, naomba nikalifue lile gauni."

"Umelifua juzi. Limevaliwa na chuma, limechafukaje?"

"Pumba, mama."

"Pumba, pumba! Utalifua mpaka liwe wavu wa samaki."

Njia hiyo ikafa. Ikabaki ile ya pili, ambayo sisi tuliifurahia. Bibi alikuwa na tabia ya kuja darasani wakati wowote, na kandambili zake za tairi zilisikika mbali, kwap, kwap. Mimi na Baraka tulikaa dirishani. Tukizisikia, tuliita, "Hodi inakuja!" na wasichana wawili wakamvisha Nne gauni lake mbio mbio. Bibi aliingia, akalipapasa kwa vidole kulisawazisha, akauliza, "Hajambo?" akatoka. Mama alikwenda kufunga mlango, na Nne akavuliwa tena. Tuliishi hivyo mpaka siku ya mtihani.

Siku hiyo bibi hakuja kwa kutembea. Padre alimpa lifti, wakaingia pamoja, na Nne alikuwa keshavishwa. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akaletewa kiti karibu kabisa na Nne, akaweka mkono juu ya gauni, akiupitisha polepole kwenye mishono asiyoweza kuiona. Fundi Deo alisimama kwa nyuma. Sisi watoto tulipewa ruhusa ya kukaa sakafuni, kimya. Zaina, msichana wa Katindiuka aliyekuwa hodari kuliko wenzake, alianza kuchapa barua ya mtihani. Mama alisimama ukutani. Hakumtazama Zaina, alitazama gauni.

Ukurasa wa kwanza ulipita. Wa pili, katikati, vidole vya Zaina vikasimama.

"Mwalimu," akanong'ona. "Ameganda."

Padre alivua miwani. "Mwalimu, tulikubaliana."

"Ndiyo, Padre," mama akasema.

"Ngojeni kwanza," bibi akasema. Mkono wake ulikuwa umeingia chini ya pindo la gauni. Akaugeuza, akaweka mgongo wa kiganja ubavuni mwa Nne, jinsi alivyotupima sisi wakati wa malaria. "Mtoto huyu anaungua!"

Wote tukamtazama Zaina.

"Si huyo. Huyu hapa. Ana homa kali, na mmemfunika gubigubi. Mwenye homa anafunikwa? Nani kamfunika?"

Nje mashine ya mpunga ilinguruma. Tuliona uso wa bibi ukibadilika, taratibu, kadiri alivyokuwa akijijibu mwenyewe.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Akasimama, akalishika gauni kwa mikono miwili, akalivua kama anayemvua mtoto shati, kwa kupitishia kichwani. Kisha akaamuru, "Leteni kitambaa cha maji."

"Mama! Maji hapana!" Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akimpazia sauti mama mkwe wake.

"Haya, basi mpepeeni! Wewe kijana wa Dar, umesimama tu kama nguzo?"

Na Fundi Deo, na kalamu zake tatu, akachukua jalada la mtihani akaanza kumpepea Nne. Huku akipepea alieleza, kwa aibu kidogo, kwamba ubongo wa Nne una swichi nyingi mno zilizobanwa mahali padogo, na zote zina mbio, kwa hiyo unachemka kuliko wa kaka zake. Mpaka feni yake ya kichwani anayo. "Kama watu wengi waliolala chumba kimoja," akasema. "Lazima dirisha liwe wazi."

Bibi alimgeukia mama. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo," bibi akasema.

Padre alicheka mpaka akaketi. Alipofuta macho alisema Zaina aanze upya, na kwamba atasubiri. Ti! Nne akaamka. Zaina alichapa barua yote mpaka sahihi, printa ikaitoa kwa kelele zake za cherehani inayoshona bati, na Padre akiishika karatasi ile alimuuliza mama, "Muhula ujao, Mwalimu, tuandikishe wasichana wangapi?"

Leo mtoto wa Baraka anatembea na simu ambayo ubongo wake, wanasema, ungewameza Themanini, Mbili, Tatu na Nne bila kushiba. Ikichelewa muda wa kupiga chafya, anaitukana. Hajui ubongo wake unafananaje, hajawahi kumfinyangia jongoo nyumba. Anailaza chini ya mto huku inacheza michezo, kisha anashangaa kwa nini inazima. Mama, ambaye sasa ni bibi yake, huinyanyua, huiwekea mgongo wa kiganja, husema, "Huyu ana homa, mtoeni kwenye mto." Mtoto hucheka, na sisi hatuna muda wa kumweleza. Vitu vinakuja vipya siku hizi, vinaondoka kabla hatujavipa majina wala nguo.

Nami nikikumbuka siku ile, si karatasi ya Zaina inayonijia. Ni lile la kabla yake. Zaina alikuwa ameanza kuchapa upya, Nne akivuma kwa utulivu, na bibi alikuwa amemaliza kulikunja gauni lake. Alilitia kwapani. "Nitalifumua," alimwambia mama kwa sauti ndogo. "Uzi bado mzima." Akapapasa njia kwa ukuta, kwap, kwap, akafungua mlango akatoka. Nje pumba zilikuwa zikielea kwenye jua. Mama alianza kuinuka, kama kawaida yake. Kabla hajafika, tuliona mkono wa bibi ukirudi, ukatafuta kitasa, ukakipata, na ukauvuta mlango nyuma yake polepole mpaka ukafunga.